Umri wa Ziwa

Balige, 6 Februari 1994

Mpwa wangu Tohap,

Horas. Natumaini u mzima, na kwamba mvua za Siantar hazijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku ni wazima. Mama yako anaendelea vizuri na goti lake, ila hataki kuambiwa apumzike, kwa hiyo mimi dada yangu simwambii tena. Shangazi yako anakusalimu na kukuuliza kama unakula.

Nimepata kijitabu chako. Hukunitumia wewe, nililetewa na Baba Tiur, mzee mwenzangu wa kanisa, ambaye alikipata kwa shemeji yake. Jina lako liko kwenye jalada kwa herufi kubwa. Nilikisoma mara mbili. Kimeandikwa vizuri, na nimeona bado unaweka alama ya mkato mahali pake, kama nilivyokufundisha.

Nakueleza yaliyotokea ili usiyasikie kwa mtu mwingine. Mwezi wa kumi na moja niliwapeleka watoto wa kipaimara pale barabara ya Porsea ilipokatwa mlimani, wakaone lile jivu jeupe lililogandamana kuwa jiwe. Niliwaambia kwamba ziwa letu ni shimo lililoachwa na mlima uliolipuka, na kwamba wanaopima miamba wanasema ni miaka elfu sabini na zaidi iliyopita. Jioni hiyo Tiur akamwambia baba yake mezani kwamba Adamu alikuta ziwa liko tayari. Baba yake akamuuliza, basi alivua samaki gani. Ndivyo ilivyoanza. Januari baraza la wazee likakaa, wakasoma kijitabu chako ukurasa kwa ukurasa: kwamba ukijumlisha umri wa mababa walio katika Mwanzo, ulimwengu wote, nyota na vyote, una miaka elfu sita. Wamenisimamisha kufundisha darasa la kipaimara. Julai watakaa tena waamue kama narudi au naachishwa kabisa.

Sikuandikii kukulaumu. Uliandika unachoamini, nami nilisema ninachoamini. Andika tu, unieleze maandalizi ya harusi yamefikia wapi.

Mjomba wako,
Mangasi

*

Pematangsiantar, 27 Februari 1994

Mjomba mpendwa,

Horas, na shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, na mwambie shangazi kwamba nakula, ingawa samaki wa hapa hawajui manjano.

Barua yako imeninyima raha wiki nzima. Kijitabu kile tulikipiga chapa kwa ajili ya kikundi chetu cha maombi hapa chuoni. Sikujua kama kimefika Balige, wala kwamba kingetumika hivyo. Naumia kwa ajili ya darasa lako. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye benchi zile.

Lakini Mjomba, siwezi kusema kwamba nimekosea. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Biblia haisomwi kwa kurukaruka. Imeandikwa Adamu alikuwa na miaka mia na thelathini alipomzaa Sethi. Hiyo ni hesabu, si shairi. Tukisema hapa haikumaanisha ilichosema, tutasimama wapi? Kesho mtu atasema hata kaburi tupu ni mfano tu. Mimi nitakuwa mchungaji. Watu watanishika kwa neno hilo.

Maandalizi yanaendelea. Harusi ni Septemba. Wazee wa ukoo wetu walikwenda kwa baba wa mchumba wangu Rotua kupanga mambo, na kukatokea kichekesho. Mzee mmoja wa ukoo alikuja kutoka kisiwani Samosir, umri wake kama sabini. Tukahesabu vizazi toka babu wa kwanza wa ukoo: kwa hesabu ya kwetu mimi ni wa kumi na tatu, naye kwa hesabu ya kisiwani ni wa kumi na nne. Kwa hiyo yeye, na mvi zake zote, ilimbidi aniite baba mdogo. Akakataa hata kukaa. Akasema, "Huyu nimuite baba? Huyu hata ndevu anaziombea!" Walibishana mpaka wakagundua kwamba kisiwani kuna babu wawili wenye jina moja, baba na mwana, na sisi tunaye mmoja. Wazee wakakubaliana kumhesabu mmoja tu. Tukawa wa kizazi kimoja, ndugu, akakaa, chai ikanywewa.

Na wewe Mjomba, nitakuja kukuomba baraka kama mila inavyotaka, kwa kuwa mpwa hutarajiwa kumuoa binti wa mjomba wake, nami sikumuoa binti yako.

Mpwa wako,
Tohap

*

Balige, 20 Machi 1994

Mpwa wangu,

Horas. Sote ni wazima. Bwawa langu la samaki linapata uangalizi mzuri siku hizi, maana Jumapili mchana sina darasa. Kuhusu binti yangu usijali. Hata yeye hakukungoja, aliolewa Medan na mwenye malori, na mila ikabaki inatutazama.

Kisa chako cha yule mzee wa Samosir kimenichekesha mpaka shangazi yako akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikakifikiria sana. Hebu nikuulize kama nilivyokuwa nikikuuliza darasani. Wazee walifuta kizazi kizima kabla chai haijapoa. Je, kuna aliyesema ukoo wenu ni wa uongo? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu sisi Wabatak hatuhesabu vizazi ili kujua miaka. Tunahesabu ili mtu ajue amuite nani baba, nani ndugu, nani mkwe, na asimame wapi kwenye karamu. Kwa kazi hiyo hesabu ile ni ya kweli kabisa. Ukiigeuza kuwa kalenda, umeipa kazi isiyo yake.

Sasa fungua Mathayo, sura ya kwanza. Yoramu akamzaa Uzia. Halafu fungua Wafalme na Mambo ya Nyakati, uone kati yao wameachwa wafalme watatu. Mathayo aliwajua. Aliwaacha ili orodha isimame kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, na asemalo lionekane: huyu ni mwana wa Daudi. Kama babu zetu wangemsoma Mathayo wangeelewa upesi kuliko maprofesa.

Najua utakachojibu: Mathayo hataji umri, Mwanzo kinataja. Ni jibu zuri, na sina la kulikata. Nasema tu kwamba mwenye kuandika orodha ile alikuwa mtu wa ukoo kama sisi, si mpima ardhi.

Jambo la pili, kisha niache. Unakumbuka mwaka 1987 tulipopanda kilima cha Tarabunga kutazama nyota mpya upande wa kusini? Ulikuwa kidato cha kwanza, ukanishika shati usianguke. Nyota ile ilikuwa imelipuka, na mwanga wake ulisafiri zaidi ya miaka laki moja na nusu kutufikia. Kijitabu chako kinasema Mungu aliumba mwanga ukiwa tayari njiani. Basi tulichokiona usiku ule kilikuwa habari ya mlipuko ambao haukutokea, juu ya nyota ambayo haikuwapo. Tohap, mimi namuamini Mungu kuliko hivyo.

Mjomba wako,
Mangasi

*

Pematangsiantar, 29 Mei 1994

Mjomba mpendwa,

Horas. Nisamehe kwa kimya. Mitihani ilikuwepo, lakini si mitihani tu. Natumaini shangazi na wewe mko salama.

Wafalme watatu nimewatafuta. Ni kweli hawamo. Nilikuwa nimeisoma sura ile labda mara mia. Kuhusu nyota bado sina jibu, na kukosa jibu si sawa na kukubali. Ndipo nilipo.

Mama ameandika. Anasema Baba Tiur sasa anataka Julai wakuvue na uzee wa kanisa pia, urudishe joho. Mama ameniagiza niwaandikie baraza kwamba kijitabu changu ni makosa, yaishe. Anasema, "Ni mjomba wako. Atakuvika ulos, ile nguo ya baraka, siku ya harusi yako akiwa amevuliwa joho na mkono wako?" Mjomba, ukiniambia niandike hivyo, nitaandika leo.

Mpwa wako,
Tohap

*

Balige, 8 Juni 1994

Mpwa wangu,

Horas. Najibu upesi, kwa hiyo nisamehe ufupi.

Usiandike. Hujaona kwamba ni makosa. Umeona wafalme watatu tu. Ukiandika usichokiamini ili kuniokoa, baraza watakuwa wamepata kauli ya uongo kutoka kwa mchungaji mtarajiwa, nami nitakuwa nimeipokea. Nitafundisha nini baada ya hapo? Joho nimelivaa miaka ishirini na sita na nalipenda. Sitajifanya kwamba silipendi. Lakini si kwa bei hiyo.

Mama yako nitazungumza naye mimi. Hakumbuki kwamba ulos huvikwa na mjomba, si na mzee wa kanisa. Nitakuja Septemba, nikiwa na joho au sina, na nguo nimeshainunua. Soma vitabu vyako.

Mjomba wako,
Mangasi

*

Balige, 25 Julai 1994

Mpwa wangu Tohap,

Horas. Ni wiki saba sijapata barua yako, na sasa najua ni kwa nini: uliyoiandika hukuiandikia mimi.

Baraza lilikaa jana baada ya ibada. Nilikuwa nimelikunja joho na kuliweka kwenye mfuko, ili nisiwasumbue kuja kulichukua nyumbani. Mchungaji akasema ana barua kutoka Siantar. Nilipoona mwandiko nilitazama chini, nikidhani umemtii mama yako. Akasoma. Nimeomba nakala, na naiandika hapa, maana huenda umeshasahau ulivyoiweka:

"Mimi na mjomba wangu hatukubaliani juu ya umri wa ulimwengu, na sijafuta neno hata moja katika kijitabu changu. Lakini aliyenifundisha kusoma kitabu cha Mwanzo, katika darasa hilohilo, ni yeye. Kama hafai kufundisha, basi nami nimefundishwa na asiyefaa. Kijitabu changu kiwekeni hapo hapo mtakapomweka yeye."

Kijitabu kilikuwa mezani, mbele ya Baba Tiur, na niliona akikisogeza kidogo, kama mtu asiyejua sahani ni ya nani. Mama Riris, yule mzee wa kanisa anayeuza nguo sokoni, akamuuliza, "Baba Tiur, kijitabu na joho, tunavitupa vyote viwili au tunavibakiza vyote viwili? Nina mteja ananingoja." Watu wakacheka, na yeye akacheka, ingawa alichelewa. Akasema, "Huyu kijana ametubana. Kweli ni mpwa wake."

Uamuzi ni huu. Joho linabaki. Darasa nimerudishiwa kuanzia Jumapili ijayo, kwa masharti mawili. Watoto wasipelekwe tena kwenye lile jivu, wafundishwe ndani. Na hesabu ya miaka nisiitaje, isipokuwa mtoto akiuliza mwenyewe. Nimekubali yote. Tiur alikuwa mlangoni tulipotoka, akanambia ana swali, nikamwambia aliweke mpaka Jumapili.

Mambo mawili kwako. Kwanza, nimefurahi kuliko yote kwamba hukufuta neno. Pili, ukija Agosti kuniomba baraka, njoo na kijitabu chako. Ningependa kisomwe darasani, chote, na wewe ukiwepo ukijibu maswali. Nitakaa benchi la nyuma na sitasema kitu.

Hatuhitaji kuwapeleka watoto barabara ya Porsea wala popote. Unakumbuka chumba chetu cha kipaimara: kina dirisha moja tu, na linatazama ziwa.

Mjomba wako,
Mangasi