Bwawa Nililolitaja Mwenyewe

Kaliroi, uko wapi? Usimwambie mtu.

Kanipigia mwanamume, eti anatoka ofisi ya kodi. Mpole huyo! Akasema, "Mama, kwenye nyumba yako tunaona kuna kitu hakiko sawa."

Hakusema kitu gani. Niliyesema ni mimi.

Nimemtajia bwawa la kuogelea, shoga. Mimi mwenyewe. Lile tunalolifunika kwa wavu wa kijani, mwaka wa tisa huu, ili serikali ikipiga picha kutoka angani isilione, tusilipie kodi. Na wavu nikamtajia.

Akashusha sauti. Halafu, "Basi mama, hili tutalimaliza kimyakimya. Nisomee namba za kadi yako ya benki."

Hapo ndipo nikashtuka. Nikakata simu, nikampigia Thrasos, mhasibu wangu.

"Ofisi ya kodi haiombi namba za kadi kwa simu," akasema. "Huyo ni tapeli. Nenda polisi ukaeleze kila kitu, neno kwa neno."

Neno kwa neno, Kaliroi.

Nimeenda. Polisi kachukua kalamu, kaniuliza, "Enhe mama, mlianza kuzungumza nini?"

Nimeripoti paka kapotea.

Paka sina, unajua.