Baba Emil, Jogoo Wako Bado Anawika

Kokorikooo!

Mtaani kwetu hapa Pittsburgh hakuna anayefuga kuku. Ni simu yako, Baba, iliyo ndani ya droo ya vijiko. Ni mwaka mmoja sasa tangu moyo wako usimame, Emil Sabol, na jogoo uliyemweka kwenye simu hiyo hakuna aliyempa habari. Kila duka linapobakiwa na chakula na kutafuta mtu wa kukipeleka kwa wenye shida, anawika.

Mama aliendelea kuichaji. Alisema ni kwa ajili ya picha. Picha zenyewe twazijua: programu ile ya kugawa chakula ilitaka upige picha ya mzigo ukishaufikisha, nawe kila mara ulipiga kidole gumba chako, nyuma yake kipande cha boksi. Hatujafuta hata moja.

Wengi waliokuja kukuzika walidhani ulizaliwa na huruma ile. Hapana. Ulianza kwa kumshuku mtu. Siku ya harusi ya Renata, shangazi zetu walioka kama ilivyo desturi yetu, utadhani wageni ni jeshi, na meza ya biskuti ikabaki imejaa pomoni. Renata akatangaza kwenye programu. Kabla hajavua gauni, akatokea kijana na kigari chake, akaanza kupakia.

Ukamnong'oneza dada yako Olga, "Huyu anakwenda kuziuza."

"Emil, kaa chini. Unatuaibisha."

Hukukaa. Ulimfuata na suti yako ya harusi hadi kwenye nyumba wanakohifadhiwa akina mama waliokimbia waume wanaowapiga. Kijana akakuona umesimama mlangoni. "Mzee," akakuuliza, "umekuja kusaidia au kutazama?" Ukabeba maboksi. Ulirudi na sukari ya unga kwenye tai, ukamwambia Renata, "Hebu niwekee hicho kitu kwenye simu yangu. Na kiwe na sauti ya kuamsha mtu."

Uliendesha basi la shule maisha yako yote, na vilima vya mji huu ulivijua kuliko ramani yoyote. Simu ilipokuelekeza uliibishia kwa sauti: "We binti, huko barafu haijayeyuka tangu Krismasi, unataka kuniua?" Wakati wa theluji ulichukua kiti cha jikoni ukakiweka barabarani, kikushikie nafasi ya gari hadi urudi. Mama akabaki mezani na viti pungufu na supu inayopoa. Hakumpenda jogoo yule, wala hakuficha.

Alhamisi ilikuwa ya jengo la wazee, kule juu ya ngazi ndefu za mtaa. Uliwapelekea mkate, mboga na kuku wa kuchoma ambao duka la bondeni lisingeweza kuwauza kesho yake. Mara ya kwanza ulirudi na kila kitu. Wazee wale walikula jasho lao viwandani tangu ujana, hawakuzoea kupewa cha bure. Waliipita meza yako kama watu wanaopita jeneza la mtu wasiyemjua. Wiki iliyofuata ulirudi na maboksi matupu.

"Umewafanya nini?" Mama akakuuliza.

"Nimeongea nao tu," ukasema, ukaomba supu yako.

Ulipoondoka, wengine waliichukua safari ile ya Alhamisi. Kisha baridi ikaja, ngazi zikaganda, na safari ikakosa mtu. Kuku wale wakaishia kwenye pipa la taka. Mwezi uliopita, tukiwa mezani, jogoo akawika, na Renata akasoma ujumbe: leo pia asipopatikana mtu, jengo lile litaondolewa kwenye programu.

"Mzimeni huyo mnyama," Mama akasema.

"Mama, akinyamaza leo, wale wazee ndiyo basi tena."

"Wana watoto wao."

"Wengine hawana."

Mama akala kijiko kimoja, akaweka cha pili bila kukifikisha mdomoni. Akainuka. "Nabonyeza wapi?"

"Supu itapoa, Mama," Nick akamwambia.

"Na ipoe."

Nick aliendesha gari. Walipandisha maboksi ngazi kwa ngazi, wakayapanga mezani kwenye ukumbi wa chini wa jengo. Wazee walikuwepo, wamekaa ukutani na makoti yao. Hakuna aliyesogea. Bibi mmoja aliyeegemea fremu yake ya kutembelea, Bi Geneva Pettaway, ndiye aliyeuliza.

"Nyie ni nani?"

"Mimi mke wa Emil. Naitwa Marcella."

"Marcella?" akasema Bi Geneva. "Yule Marcella?"

"Yupi tena?"

"Yule anayemfungia mumewe mlango kwa sababu ya kabichi! Maskini Emil. Kila Alhamisi analia hapa: 'Jamani niokoeni, nikirudi na boksi hata moja Marcella atanilaza kwenye gari.' Sasa mtu utamwacha mwenzio alale kwenye barafu? Tukawa tunachukua."

"Mimi brokoli siipendi," mzee mmoja akadakia kutoka ukutani. "Nimeila kwa ajili ya ndoa yako, mama."

Baba, unamjua mkeo. Hajawahi kumfungia mtu mlango. Hata anayekuja kusoma mita ya gesi huondoka ameshiba. Nick anasema wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Neno moja tu lingemsafishia jina. Lakini meza ilikuwa bado imejaa, na mikono yote ilikuwa bado mifukoni. Mama aliitazama meza, akaitazama mikono ile.

"Ndiye mimi," akasema, akavuta boksi la kwanza. "Na sijabadilika. Mwanangu huyu naye anajua: nyumbani kwangu hakirudi kitu. Bi Geneva, shika kuku. Na wewe wa brokoli, njoo hapa."

"Mkali kweli!" mtu akacheka, na mikono ikaanza kutoka mifukoni.

Wanaokukumbuka ni mkeo Marcella, anayeubeba uongo wako kwa hiari yake, binti yako Renata na mumewe Desmond, mwanao Nick, dada yako Olga, aliyekuambia ukae chini, na wazee wa jengo la juu, ambao hadi leo wanakuhurumia kwa ndoa uliyokuwa nayo. Jumapili tutakuombea kanisani, na baadaye biskuti zitakuwepo. Hatuna nia ya kukusahau, Baba, na jogoo hatatupa nafasi hiyo.

Picha aliyopiga Mama siku ile ina kidole gumba, na nyuma yake kipande cha boksi. Alipokuwa anafunga koti ili watoke, Bi Geneva alimfuata na fremu yake hadi mlangoni, akamuuliza kama kuna mtu atakayekuja tena, au ndiyo imetoka. Mama akamjibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye lifti:

"Alhamisi nipo hapa, dada. Na ole wenu nikute mmebakiza."