Wivu Ulionishika Wodini Ngara

Dada Evodia, shikamoo. Huku Ngara kuna baridi na ukungu, maharage yao matamu kuliko yetu, ila leo wivu umenishika vibaya.

Nilimsindikiza mwenyeji wangu, Adventina, hospitali. Mumewe alichanganyikiwa akawa anarushia watu mawe, majirani wakamleta amefungwa kamba. Nesi akasema, "Mfungueni." Wakasita. Nesi akamfungua mwenyewe, akakaa naye sakafuni, akamuuliza jina, akamuuliza anaogopa nini. Wakaongea Kihangaza taratibu mpaka mgonjwa mwenyewe akakubali sindano. Sasa amelala, Adventina kamshika mkono.

Nilimwonea Adventina wivu mpaka nikasahau kumpa pole. Kaka yetu Method alipougua vilevile, si tulimkuta hospitali ya kwetu amefungwa kitandani, nasi tukafukuzwa getini? Kwa nini wao wapate, sisi tukose?

Nikamsimulia nesi habari za Method, nikamuuliza kama wanapokea watu wa kwetu Biharamulo. "Mleteni," akasema. "Akianza tu kukosa usingizi tena, msingoje achanganyikiwe."

Mwambie Method hivyo, kwa upole, akiwa ameshiba. Mwambie nilimuulizia mimi, kwa sababu nampenda. Nanyi wote hapo Nyabusozi mbaki salama.

Mdogo wako, Jovitha