Kadi Imekataa Kuingia

Raudha, shoga, nimeaibika leo hadi basi.

Si nilikwambia nimejibana nikapata ile kadi ya mtumba ya kufungwa ndani ya kompyuta ili gemu zisigande? Nikabeba kompyuta yangu hadi dukani kwa Badru, Ubungo, anifungie palepale. Kadi HAIINGII! Ndefu kuliko boksi la kompyuta!

Badru kaniuliza mbele ya wateja wote: "Sista, hukupima?"

Hukupima! Mie, fundi cherehani mzima! Nilipima kwa jicho bwana, kama ninavyowapimaga mabibi harusi, na hakuna gauni lililowahi kumbana mtu.

Duka zima linacheka. Eti ninunue boksi jipya lenye mataataa. Kwa hela ipi?

Nikamwambia nguo ikibana tunafumua, kata hapo mbele kadi itokeze. Kakataa, eti kompyuta hazifanywi hivyo.

Hazifanywi na nani?

Nimeenda kwa yule jirani yetu anayechomelea mageti. Kalikata boksi tupu kwa grenda, nikarudishia vitu vyote, kadi imekaa. Sasa hivi nacheza, gemu haigandi hata kidogo!

Ila imetokeza mbele kama ulimi. Nimeipiga picha nikamtumia Badru, wala sijaandika neno. Kompyuta yenyewe inamtolea ulimi.