Mpiga Filimbi Aliyeko Kwako

Juu ya duka la fundi saa,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu tulipomzika Bibi. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza mwanangu aliichora, ya pili ililowa kwenye beseni la nepi, ya tatu niliilalia nikaamka na wino shavuni. Hii itaisha leo, liwe liwalo.

Hujambo lakini? Goti limepoa? Na Mjomba bado anabishana na redio?

Sisi wazima. Mdogo anaota meno na hataki mtu yeyote alale humu ndani. Mkubwa ni mcheshi kama ulivyomwacha, ila daktari wa masikio amethibitisha tulichokuwa tunakiogopa: anasikia kidogo mno. Anahitaji vifaa vya kusikilizia, sikio la kulia na la kushoto, kabla hajaanza shule Januari. Usilie, Shangazi. Mimi nimeshalia kwa niaba yetu sote, sasa natafuta njia. Na njia nimeiona, ndiyo maana naandika.

Unazikumbuka zile sanamu kumi na moja za kauri kwenye kabati la Bibi. Baba mdogo alimleta mnunuzi wa vitu vya kale, yule tunayemwita Mzee Jumla kwa sababu hajawahi kununua kitu kimoja. Akazigeuza, akaguna. "Hazina alama ya kiwanda chini, mama. Mapambo tu haya. Nitawasaidia kuzibeba." Baba mdogo alishafungua boksi. Nikasimama mbele ya kabati na mtoto mgongoni, nikasema hapa hakitoki kitu. Baba mdogo alininunia siku mbili.

Mzee Jumla alitazama vitambaa, hakutazama sanamu. Si unajua Bibi alivyobandika vipande vya koti la Babu chini ya kila moja, zisikwaruze kabati? Nilimwaga maji ya uvuguvugu kwenye sahani, nikamsimamisha yule msichana mwenye kikapu, nikangoja gundi ilegee. Kitambaa kilipotoka, chini yake pakawa na alama ya kiwanda: jani la buluu lililochorwa kwa mkono, na namba 41.

Kwa furaha nikaloweka zote kwa pamoja, kosa langu hilo. Mkono wa mcheza ngoma ukang'oka ukabaki unaelea. Moyo ulinipasuka, mpaka nilipoona kwamba ulishawahi kuvunjika zamani na ukaungwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Nani alikuwa na rangi ile nyumbani kwa Bibi, Shangazi? Sitaji mtu.

Nikazifunga kwenye taulo, nikazipeleka kwenye nyumba ya mnada. Mthamini wao ni mama mtu mzima, miwani inaning'inia shingoni. Hakunicheka. Alinipa kioo cha kukuzia akaniambia nitazame mwenyewe. Alama isinidanganye, alisema, hata waigaji huchora alama. Nitazame vidole: fundi wa kweli alikitenga kila kimoja, mwigaji anakuachia mkono kama kijiko. Nitazame rangi ya dhahabu: inatakiwa iwe imelika pale watu wanaposhika, si kufifia sawasawa kila mahali. Akamgonga msichana kwa ukucha, akalia kama kengele. Mcheza ngoma alipogongwa alikohoa.

Tisa kati ya zile ni za kupendeza tu. Mcheza ngoma angekuwa na bei, lakini sasa ni mgonjwa. Msichana mwenye kikapu ana zaidi ya miaka mia moja na hamsini, na ni mzima. Mama yule akamzungusha taratibu mezani, akaniuliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Utotoni tulidhani msichana anatazama mlango. Kumbe shingo yake iligeuzwa makusudi, amtazame mtu aliyesimama kulia kwake. Walitengenezwa wawili. Nilimjua mwenzake hapohapo: ni yule mpiga filimbi ambaye Bibi alikufungia kwenye mtandio wake siku unaondoka.

Nakwambia waziwazi. Msichana akiuzwa peke yake, analipia sikio moja. Wakisimama wawili, wanalipia masikio yote mawili na sare ya shule juu yake. Mnada ni mwisho wa Agosti.

Baba mdogo anasema sina haya kukuomba kitu ulichopewa na mama yako kwa mkono wake. Haya ninayo. Najua mpiga filimbi amesimama dirishani kwako miaka yote hii na kwamba unamsalimia asubuhi. Ukikataa sitakuchukia, nitanunua sikio moja, na la pili nitalihangaikia. Ila usikatae haraka. Kwanza mgonge kwa ukucha umsikilize, halafu umfikirie ambaye hawezi kumsikia.

Msalimie Mjomba na wale pacha. Baba mdogo anakusalimu, ingawa amenuna. Mungu akuweke, na goti lako alikumbuke.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
nitakayekupenda ukikubali na ukikataa.

Vya kunitumia nimeviweka huku chini, usije ukavitafuta katikati ya maneno yangu mengi:

Mpiga filimbi mwenyewe, amefungwa kwenye sweta, si kwenye magazeti. Usimwoshe.

Kitambaa cha koti la Babu kiwe bado chini yake. Nitakitoa mimi, nimeshajua.

Ule mtandio wa Bibi, kama bado upo. Huo hauuzwi, ni wa kwangu kunusa.

Na kile kipande cha filimbi kilichokatika safarini, ulichosema umekitia kwenye kiberiti. Kije ndani ya kiberiti hichohicho, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele. Mthamini anasema kipande halisi kina bei yake, gundi haina. Kwa hiyo usikiunge, Shangazi. Rangi ya kucha iache mezani.