Hatua ya Nne

Jumatatu, 9 Juni
Nimepanga fishi zangu tena. Kila fishi ni kipande ya kartoni, urembo moja wa kuchora, hatua sita. Sipangi kwa umbo. Napanga kwa shida ya mutu: hapa za wenye hawapati usingizi, hapa za wenye hasira, hapa za wenye wamefiwa. Mistari inajirudia polepole, pumzi inafuata kalamu ya biki. Urembo mingi niliutoa kwa vitunga alivyosuka mama yangu, kule Mudaka. Miaka sita ya kazi.

Jumanne, 10 Juni
Noëlla, mwenye tunaongoza naye kikundi cha kuchora cha bamama wa paroki, amepiga foto fishi zangu zote. Ametoa kijitabu. Kwa jalada: Méthode Noëlla. Mbele ya shefu wa mradi akaniita "mudogo wangu, ananisaidiaka." Miye! Namupita miaka mitatu. Nilicheka na meno tu.
Atanijua.

Jumatano, 11 Juni
Fufu imenishinda kula. Namuchukia. Basi.

Alhamisi, 12 Juni
Ameandika kwa simu: "Yaya, unitumie fishi mupya moja, wageni wanakuja Jumanne." Sasa niko yaya, mukubwa wake!
Noëlla hachorake. Ananakili tu. Kwa hiyo nimechukua fishi ya mafundo, ile ya wenye wamefiwa, nikaondoa hatua ya nne. Nikaandika namba upya. Bila ile hatua mustari haurudi fasi ulianzia, unajikanyaga tu. Mwenye kuichora mara moja ataona. Mwenye kupiga foto, hapana.
Nimetuma. Roho nyeupe kabisa.

Jumanne, 17 Juni
Wageni walijaa. Noëlla alichora kwa ubao, akafuta, akachora, akafuta. Jasho. Mugeni moja akamuuliza mustari unafungwa namna gani. Ati, "Inategemea." Mungu wangu, utamu! Nilikaa nyuma, mikono nimekunja.
Bamama nao walikuwa wamepewa fishi ileile. Wengi walicheka, wakaacha. Maman Furaha hakucheka. Tangu azike binti yake, hii kuchora ndiyo kitu pekee inamutuliza. Alijaribu mara nyingi. Kisha akaweka biki chini. "Hata mikono yangu imenikataa sasa." Akatoka.
Nilimuona. Nikanyamaza. Kusema ingekuwa kumuokoa Noëlla.

Ijumaa, 20 Juni
Kijitabu kimeondolewa. Shefu ameniomba miye niandike kingine, kwa jina langu. Noëlla amepita karibu yangu bila salamu. Vizuri, apite.
Maman Furaha hakuja. Jirani yake anasema amepasua daftari yake yote, akawashia makaa.
Wala sikumutaka yeye. Nilimutaka Noëlla.

Jumapili, 22 Juni
Baada ya misa nimeenda kwake Kadutu. Nimemuambia yote: hatua ya nne niliikata miye, makusudi, mikono yake haina kosa.
Aliangalia mikono yake kwanza. Kisha miye.
"Siku tano nilijua nimekwisha. Juu ya bugomvi yenu?"
Hakunifukuza. Alinimiminia chai, akaketi upande ule mwingine, akaangalia inje. Nilimuletea daftari mupya na biki mbili. Hakugusa.
Noëlla sijamusamehe, nisijidanganye. Lakini leo sikumufikiria hata kidogo, mpaka hii saa naandika.
Wakati wa kutoka nilimuuliza Maman Furaha kama naweza kurudi Jumanne. Akasema mulango haufungwake.