Maji Asiyoyanywa Biel

Kakuma Mbili,
Kambi ya Kakuma,
Turkana.

9 Oktoba 2024

Mpendwa ndugu yangu Duop, Kijiko wetu,

Pokea salamu kutoka kwenye vumbi lililokulea. U hali gani huko Kanada? Baridi imeshaanza? Na lile tumbo lililokusumbua ulipopita hapa ukienda kupanda ndege, lilipona? Jirani yetu Mama Nyagoa huniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani, nami humjibu kwamba tumbo la mtu aliye mbali hulijua mwenyewe.

Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, lakini sauti yake bado inasikika mpaka mtaa wa pili. Maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, na foleni ya jerikeni ni vita kama zamani. Jana nilimwona mtoto amefunga kijiko shingoni kwa uzi ili asipitwe na uji wa shule, nikacheka peke yangu njiani. Unakumbuka? Ndivyo ulivyopata jina. Tulikuita hivyo mimi na marehemu kaka yangu Thuok tu, tena kwa siri, maana mama alikataza jina hilo lisisikike nyumbani kwake.

Utauliza kwa nini naandika karatasi na simu ipo. Ndugu yangu, kila nikikupigia na kumtaja Thuok, mtandao wako unaharibika. Zamani sikuona ajabu. Siku hizi naona ajabu kila mahali. Na Kiswahili nimekichagua makusudi, kwa sababu mama hakijui, na sitaki aelewe barua hii hata mtu akiisoma kwa sauti.

Jambo la harusi bado liko palepale. Thuok alikufa hajaoa, na mama hawezi kulala jina la mwanawe likizimika. Anataka wewe, mtoto wa baba mdogo, uje Desemba umwolee marehemu mke kama desturi yetu inavyotaka, na watoto watakaozaliwa waitwe wa Thuok. Msichana amepatikana, wazee wameridhika. Wewe unasema utakuja, halafu mara kazi, mara theluji, mara pasipoti. Mama anasema una shughuli nyingi. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka alipokuja Biel.

Biel ni mtu wa kwetu aliyeingia kambini mwaka huu. Zamani alikuwa askari. Alianza kuja nyumbani bila kualikwa, akarekebisha paa, akawa anamchotea mama maji kila asubuhi. Mama akampenda mara moja. Mimi sikumpenda. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kuponya kweli alituponya, lakini huyu mgeni alikuwa hali wala hanywi. Anabeba jerikeni kwenye jua hili la Kakuma, midomo imepasuka, mama anamtolea kikombe, naye anasema ametoka kunywa sasa hivi. Kesho anasema amefunga. Nikajiuliza, huyu anafunga kila siku ni malaika? Nikadhani ni mwizi anapima nyumba. Nikadhani anamtaka binti wa jirani. Nikadhani hata ametumwa kutupeleleza.

Siku moja nilimkuta dukani kwa Marian, yule Msomali rafiki yangu, anakunywa chai kwa raha zake na mkate juu. Nikasema kumbe koo lake ni zima. Mara mama akaingia kununua sukari, Marian akammiminia chai kutoka birika lile lile. Biel akaweka kikombe chini, akatoka bila kuaga. Marian akaniangalia.

"Huyu mtu yenu naogopa nini? Chai yangu haina sumu, walahi."

Mimi nilikuwa nimekwisha elewa. Marian hawezi kujua, lakini wewe unajua, Duop. Kwetu aliye na damu ya mtu mkononi hali wala hanywi na watu wa marehemu, hata kwenye nyumba ya mtu mwingine, mpaka wazee wakate ile damu kwa tambiko. Akithubutu, maji hayo hayo yatamuua yeye au wao. Na nyumba yetu ina damu moja tu, ya Thuok, aliyefia mikononi mwa jeshi.

Sikumwambia mama. Nilisikia kwamba Biel ameenda Lodwar kupakua samaki wa ziwani kutoka Longech kwa Ebei, yule Mturkana mwenye lori. Nikaaga kwamba nafuata dawa ya magoti, nikamfuata yeye. Ebei alinisalimu kwa "ejok" yake ndefu, akaniambia mtu wako yuko pale, na kama nina kesi naye basi nimalize haraka kwa sababu samaki hana subira. Biel aliponiona hakukimbia. Aliosha mikono akakaa mbali kidogo nami.

Ndugu yangu, wewe ulituambia kwamba Thuok alikwenda kule kwetu kuuza chumvi na sabuni, askari wakamkamata wakidhani ni muasi, na akafa kwa malaria katika kambi ya jeshi. Ulisema kwamba wewe, ingawa ulikuwa luteni wa kambi hiyo, ulikuwa safarini. Tulilia na wewe kwenye simu. Mama alikuonea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe.

Biel anasema haikuwa malaria. Anasema walimfungia kwenye kontena la chuma juani, na amri ilikuwa asipewe maji mpaka awataje wenzake. Hakuwa na wenzake. Yeye Biel alishika ufunguo, na jerikeni lilikuwa kivulini, karibu naye. "Mkono ulionyima ni huu," aliniambia. "Siukatai. Lakini mdomo uliosema asipewe haukuwa wangu."

Nikamuuliza ni wa nani. Akasema ni wa luteni mmoja, na luteni naye alisema amri imetoka juu. Hapo nilikasirika nusura nimpige. Kila mtu anaonyesha kidole juu! Mwenye ufunguo anaonyesha luteni, luteni anaonyesha mkubwa wake, na mkubwa bila shaka atasema hakumgusa mtu. Basi kaka yangu aliuawa na mawingu?

Hata hivyo sikumwamini. Mwenye mzigo mzito hutafuta mgongo wa kuutua, nami nilijua kwamba askari huyu anaweza kutaja jina lolote. Jina la luteni alisema halijui, kwa sababu yeye Biel alikuwa amehamishiwa pale karibuni. Alijua tu kwamba mfungwa alimtambua luteni kwa sauti, akagonga chuma kutoka ndani, akamwita kwa jina la ajabu ambalo Biel hakuwahi kumsikia mtu akiitwa. Alisema, "Kijiko, maji. Kijiko, ni mimi." Luteni akasimama kidogo, kisha akaenda zake.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku hiyo. Nimeyageuza kila upande nikitafuta mlango wa wewe kutokea. Labda Thuok aliweweseka kwa kiu. Labda ulikuwepo na ukaogopa kwamba ukifungua utaingizwa naye. Halafu nakumbuka siku zile ulizolala kwetu ukienda Kanada. Mama alikuchinjia mbuzi. Ukasema tumbo. Ukanunua maji ya chupa kwa Marian, nami nikakutania kwamba umekuwa mzungu kabla ya kupanda ndege. Hukuonja hata tone la mtungi wetu. Duop, lilikuwa tumbo?

Biel amekubali kusimama mbele ya wazee aseme sehemu yake, na damu ikatwe. Mama atajua siku hiyo, si kabla. Sehemu yako siwezi kumwachia Biel aiseme, wala sitaruhusu uoe kwa jina la Thuok kabla hujaisema. Waliotuma amri kutoka juu Mungu anawajua, nasi huenda tusiwapate kamwe. Wewe nakujua mimi.

Marian anakusalimu, na mchungaji, na wajomba wote wa Kakuma Moja. Mama anakuombea njia nyeupe na miguu isiyojikwaa. Mimi nakuombea mdomo wa kusema ukweli.

Njoo Desemba. Mama atakutolea maji kwa kile kibuyu cha Thuok, nami nitakuwa nimesimama mlangoni. Kama ulikuwa safarini kweli, unywe mpaka kiishe, nami nitakupigia magoti nikuombe radhi mbele ya watu. Kama hukuwa safarini, tafadhali usinywe kwa aibu ya kukataa. Kiweke chini, useme. Sitaki kukuzika na wewe.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda na ndiyo maana anauliza,

Nyaluak

Kibuyu nimekisugua tayari.